Presha, Shinikizo na Msomaji wa Iguguno: Historia Fupi ya Maandishi ya Afya kwa Kiswahili

Iguguno ni kata ya Wilaya ya Mkalama katika Mkoa wa Singida, nayo iko kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Mpaka mwaka 2012, ulipoundwa Mkalama, ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Iramba. Nchi yake ni ya wakulima na wafugaji, na zao la alizeti limeifanya Singida yote ijulikane kwa mafuta yake. Lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kinyiramba, na katika wilaya hiyohiyo husikika Kiisanzu, Kinyaturu, Kisukuma, Kidatoga na Kihadza. Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko, ya baraza na ya zahanati. Kwa sababu hiyo mahali hapa pafaa sana kwa uchunguzi wa swali ambalo wataalamu wa lugha wamewaachia mno waganga: karatasi ya kumwelimisha mgonjwa juu ya presha ya damu husomeka kwa kiasi gani, na kusomeka huko hutokana na nini?

Swali hili si la anasa. Presha ya juu aghalabu haina maumivu. Mwenye kuugua malaria huhisi homa na baridi, naye huitafuta dawa kwa kuwa mwili wake wamwamuru. Lakini mwenye presha huweza kulima, kula na kulala vizuri miaka mingi, hali moyo, figo na mishipa ya ubongo inaharibika. Hana mwalimu mwingine ila maneno: ya mganga, ya muuguzi, au ya karatasi aliyopewa. Maneno hayo yakimpotea, hakuna kitu mwilini mwake cha kumsahihisha, mpaka siku apatapo kiharusi. Kwa maradhi mengine lugha husaidia tiba. Kwa maradhi haya lugha ni sehemu ya tiba yenyewe.

Yapasa kwanza kueleza kwa nini maradhi haya yaliingia vitabuni kwa kuchelewa. Chombo cha kupimia presha kwa kufunga mkono kitambaa chenye hewa kilitolewa na Scipione Riva-Rocci huko Turin mwaka 1896, na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Saint Petersburg akaonyesha namna ya kusikiliza mlio wa damu ili zipatikane hesabu mbili, ya juu na ya chini. Kwa hiyo kipimo chenyewe ni kitu cha juzi. Kilipofika Afrika ya Mashariki kilileta habari ya kutuliza moyo. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha matokeo ya kuwapima watu wapatao 1,000 katika nchi ya Kavirondo ya Kusini, Kenya, akasema kwamba kwao presha haikuzidi kupanda kwa umri kama ilivyokuwa Ulaya, bali ilishuka baada ya makamo. Wengi waliitoa katika habari hiyo kanuni kubwa kuliko ilivyostahili, ya kwamba presha si maradhi ya Mwafrika.

Matokeo yake katika maandishi ni dhahiri. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, na Shirika la vitabu la Afrika ya Mashariki likaundwa mwaka 1948. Na katika miaka hiyo yote mafundisho ya afya kwa Kiswahili yalishughulika na maji, vyoo, mbu, minyoo, kifua kikuu na malezi ya watoto. Kampeni kubwa ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na kuwashirikisha watu karibu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, ilifundisha habari za malaria, kichocho, safura, kifua kikuu na maradhi ya kuhara. Presha haikuwamo. Hapana lawama katika hilo, maana maradhi yaliyofundishwa ndiyo yaliyokuwa yakiua watu. Lakini ina maana kwamba katika nusu karne ambayo Kiswahili kilijenga msamiati wa afya ya watu wote, na kuujaribu kwa wasikilizaji wa vijijini, neno la presha halikupitishwa katika jaribio hilo.

Kanuni ya kale ilianguka ilipopimwa tena. Neil Poulter na wenzake walifuatia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kukaa Nairobi, wakaona kwamba presha yao ilipanda upesi baada ya kuhama. Katika Tanzania uchunguzi wa miaka ya 1996 na 1997 ulilinganisha mtaa wa Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari katika Wilaya ya Hai. Huko Ilala watu wazima zaidi ya 35 katika kila 100 walikutwa na presha ya juu. Huko Shari zaidi ya 25. Kati ya hao wote waliojua kuwa wanayo hawakufika hata 1 katika 5, na ambao presha yao ilikuwa imetulizwa vema kwa dawa walikuwa chini ya 1 katika 100. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1,280 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha ya juu, na karibu nusu yao hawakujua. Kijiji, basi, hakikuwa kimeepukana na maradhi. Kilikuwa kimeepukana na habari zake tu.

Habari zilipoanza kuandikwa, zilikuta majina mawili yaliyotengenezwa na mikono miwili. Jina la kwanza ni shinikizo la damu. Shinikizo ni neno la kale la pwani, nalo limo katika Kamusi Sanifu ya mwaka 1939 kwa maana ya chombo cha kukandamizia, kama kile cha kukamulia mafuta. Jamaa yake ni kushindika, kitendo cha kuyatoa mafuta ya ufuta kwa kinu. Aliyelichagua kwa damu alichagua vema kwa msikilizaji wa pwani aliyekiona kinu kikizungushwa. Lakini mtu wa Iguguno, ambaye pengine amezungukwa na mashine za mafuta kuliko mtu yeyote wa pwani, hasemi kushindika. Yeye husema kukamua alizeti. Picha iliyomo ndani ya neno imo pia katika maisha yake, bali ufunguo wa kuifungua haumo katika Kiswahili chake. Kwake shinikizo ni neno la siasa na magazeti, yaani kusukumwa ufanye usilotaka. Hivyo shinikizo la damu laweza kusomwa kwa ulimi safi pasipo kuacha picha yoyote moyoni.

Jina la pili ni presha. Hili halikutungwa na kamati yoyote. Lilitoka vinywani mwa waganga na wauguzi, likapita madirishani mwa hospitali, likaenea mpaka likawa neno la watu wote. Sifa yake ni kwamba lafahamika. Na dosari yake ni kwamba lafahamika kwa namna yake lenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku presha hupanda na kushuka, na kutokana na vitendo hivyo viwili watu wamepata maradhi mawili, presha ya kupanda na presha ya kushuka. Uchunguzi wa Strahl katika Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba watu wa mji huo walikuwa na maelezo yao kamili juu ya presha, ambayo hayakulingana siku zote na ya waganga. Na kwa kweli sarufi yenyewe inafundisha. Kitu kinachopanda kitashuka; kikishuka, dawa ya kukishusha haina kazi tena, nayo ikiendelea kumezwa yaweza kukishusha kupita kiasi. Mtu anayeacha vidonge kwa sababu hii si mjinga. Ameifuata lugha mpaka mwisho wake.

Katikati ya majina haya mawili lipo la tatu, kanieneo, lililoundwa na wataalamu wa fizikia kwa kuunganisha kani na eneo. Kwa fizikia ni neno timamu, maana laeleza hesabu iliyomo ndani yake. Kwa mgonjwa halifai, wala halikukusudiwa yeye. Yafaa kulitaja kwa sababu laonyesha kwamba neno laweza kuwa sahihi kabisa na lisisomeke kabisa. Usahihi na usomekaji ni vitu viwili.

Maneno yaliyoizunguka presha nayo yana historia zao. Mshipa katika Kiswahili ni njia ya damu iendayo na ya damu irudiyo, tena ni ukano, tena ni neva, na kwa watu wengi ni jina la maradhi ya ngiri. Karatasi isemayo kwamba presha huharibu mishipa imesema jambo moja kwa mwandishi na manne kwa msomaji. Dozi ni neno lililofundishwa na malaria: dawa ya mseto humezwa siku 3, nayo dozi ikiisha imekwisha. Watu wamehimizwa miaka mingi wamalize dozi, nao wameshika. Vidonge vya presha havina dozi ya kumalizwa, na mwandishi asemaye “tumia dozi yako kikamilifu” amemwamuru msomaji aache dawa pakiti ikiisha. Kiharusi ni neno la zamani kuliko elimu ya presha. Uchunguzi wa Mshana na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba katika Dar es Salaam wengi walikieleza kiharusi kwa majini na uchawi, hali katika vijiji vya Hai wengi walikieleza kwa mambo ya mwili, presha ikiwa mojawapo. Matokeo haya yapasa kuwanyenyekeza wale wanaodhani kwamba kadiri mtu akaavyo mbali na mji ndivyo afahamuvyo kidogo.

Sasa yafaa kutazama vipimo. Elimu ya kupima usomekaji ilikulia Marekani. Rudolf Flesch alitoa kanuni yake mashuhuri mwaka 1948, Robert Gunning ya kwake mwaka 1952, na G. Harry McLaughlin mwaka 1969. Kanuni hizo hutofautiana katika hesabu lakini zina shina moja: sentensi ndefu ni ngumu, na neno lenye silabi nyingi ni gumu. Kwa Kiingereza jambo hili lina ukweli fulani, kwa kuwa maneno yake ya nyumbani aghalabu ni ya silabi moja, na yale marefu yalitoka Kilatini na Kiyunani kwa njia ya shule.

Katika Kiswahili shina hilo hukatika. Chukua sentensi hii: “Meza dawa zako kila siku.” Ina maneno 5 na silabi 10, na hakuna mtoto wa Iguguno ambaye ingemshinda. Ukiitia katika kanuni ya Flesch, ambayo huhesabu 100 kuwa wepesi na 0 kuwa ugumu, hupata 33 tu, kiwango cha maandishi magumu ya wasomi. Sentensi ya Kiingereza yenye maana hiyohiyo, ikiandikwa kwa maneno 5 ya silabi moja moja, hupata 117. Chukua tena: “Usipozimeza utaugua.” Maneno ni 2, silabi 11, na matokeo ni 260 chini ya sifuri. Sababu ni wazi kwa kila mwanafunzi wa lugha za Kibantu. Usipozimeza si neno refu kwa maana ya Kiingereza. Ni sentensi nzima iliyofungwa pamoja, ndani yake mtendaji, ukanusho, sharti, mtendwa na tendo, kila kimoja mahali pake. Msikilizaji hapati taabu nacho, kwa kuwa amekifungua tangu utotoni, awe Mswahili au Mnyiramba, maana viungo hivyo vimo kwa mpango ulio karibu katika lugha zote mbili.

Tena ziko shauri za Marekani zisemazo kwamba maandishi ya mgonjwa yasizidi kiwango cha darasa la 6. Shauri hili likihamishwa kama lilivyo hupoteza maana. Darasa la 6 la huko ni la watoto waliosoma kwa lugha ya mama. Msomaji wa Iguguno alijifunza kusoma kwa lugha yake ya pili. Na msomaji huyu ni nani? Presha huzidi kwa umri. Mtu wa miaka 70 katika siku hizi alizaliwa miaka ya 1950, akawa kijana wakati Tanzania ilipofanya vita vyake juu ya kutojua kusoma. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 walikuwa 39, na mwaka 1986 walikuwa chini ya 10. Madarasa ya wakati huo yalifundisha kusoma kwa njia ya kazi: pamba, mahindi, uvuvi, ufugaji. Sentensi zake zilianza na kitu kinachoonekana, zikaenda kwenye tendo, zikaishia kwenye faida au hasara. Wengi wa wanaopewa leo karatasi za presha ni wanafunzi wa madarasa yale, au watoto wao wanaowasomea. Kipimo kilicho karibu nao si darasa la 6 la Marekani, bali ni kile kitabu cha watu wazima cha miaka ya 1970.

Kwa kipimo hiki itazamwe sentensi ya namna ambayo hupatikana pale mwandishi afuatapo Kiingereza neno kwa neno: “Shinikizo la juu la damu ni hali ambayo nguvu inayotolewa na damu dhidi ya kuta za mishipa ya ateri huwa ya juu kwa muda mrefu.” Hakuna kosa la elimu ndani yake. Lakini hakuna mtu ndani yake pia, wala tendo lililo wazi. Damu imewekwa dhidi ya kuta kana kwamba ina ugomvi na nyumba. Habari hiyohiyo yaweza kuandikwa hivi: “Moyo husukuma damu iende mwili mzima. Kwa mwenye presha, damu hupita kwa nguvu kupita kiasi, naye aghalabu hahisi kitu. Hata akijiona mzima, nguvu hiyo huharibu moyo, figo na ubongo. Vidonge huishusha nguvu hiyo, lakini haviiondoi, akiviacha, hurudi.” Maelezo haya yana maneno mengi kuliko yale ya kwanza, na kanuni za silabi zingeyaona magumu kama yale. Tofauti ni kwamba kila sentensi ina mtendaji wake, na neno presha limetumika kama watu walijuavyo, kisha likarekebishwa palipo na hatari.

Hesabu zenyewe zahitaji uangalifu wa namna hii. Karatasi huandika 140/90, na msomaji hupaswa kuutamka ule mstari. Mwenye kufuata Kiingereza atasema “140 juu ya 90”, na kwa Kiswahili hayo ni kusema 140 imezidi 90, jambo ambalo kila mtu alijua. Mwingine atasema “140 chini yake 90”, na mwanafunzi wa hesabu ataona sehemu. Zahanatini husikika “140 kwa 90”, nayo haina madhara, ila haielezi kwamba hesabu ya kwanza ni ya moyo unaposukuma na ya pili ni ya moyo unapopumzika. Sentensi mbili fupi zingetosha kulieleza. Kadhalika chumvi: kusema isizidi gramu 5 kwa siku ni kusema na mwenye mizani, kusema isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja kwa siku nzima, pamoja na iliyomo ndani ya mboga, ni kusema na mpishi.

Jambo la mwisho ni sauti. Katika Mtu ni Afya vitabu havikuachwa visomwe na mtu mmoja pembeni. Kiongozi wa kikundi, mmoja wa wapatao 75,000 waliofundishwa kazi hiyo, alisoma kwa sauti, redio ilisema, kikundi kilijadili, kisha kikaamua la kutenda. Maneno yaliyoshindwa kupita sikioni yalijulikana siku ileile, kwa kuwa watu waliuliza. Hii ndiyo njia iliyo karibu na maisha ya Iguguno hata leo, ambapo karatasi ya bibi husomwa na mjukuu, na pengine huelezwa tena kwa Kinyiramba kabla haijafahamika. Karatasi inayosomeka, basi, ni ile inayoweza kusomwa kwa sauti na mtoto wa shule, ikasikika na mzee, na ikasemwa upya kwa lugha nyingine pasipo kupoteza amri yake. Hata jaribio lipo: mwaka 1953 Wilson Taylor alionyesha kwamba ukiyafuta maneno kwa mpango katika habari na kumtaka msomaji ayajaze, utajua amefahamu kiasi gani. Jaribio hilo halihesabu silabi, kwa hiyo halikidhulumu Kiswahili. Tena laweza kufanywa kwa mdomo, msomaji akinyamaza mahali pa neno na msikilizaji akilijaza.

Kuna kumbukumbu moja inayoyahusu hasa majopo ya lugha. Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, na ambaye kazi yake ndiyo msingi wa kamusi ya mwaka 1939, alikuwa pia mchunguzi wa Kinyiramba. Aliandika juu ya lugha hiyo, na mwaka 1931 hadithi alizozikusanya kwayo zilichapishwa. Mtu yule aliyesaidia kuweka imara maana ya neno kama shinikizo aliijua Iramba na masimulizi yake. Elimu hizo mbili zilikaa katika kichwa kimoja, lakini hazikukutana katika kazi, kwa kuwa kazi ya wakati ule ilikuwa kupata Kiswahili kimoja cha kuandikia nchi zote. Kazi hiyo ilifanikiwa. Tangu mwaka 2019 Tanzania ina mpango wa taifa juu ya magonjwa yasiyoambukiza, na karatasi za presha zitazidi kuandikwa. Zitaandikwa kwa Kiswahili sanifu, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini usanifu wa neno haujathibitika mpaka limesomwa kwa sauti mahali kama Iguguno, na aliyelisikia akaeleza kwa maneno yake kwa nini atameza kidonge kesho, hali leo hajihisi mgonjwa.